Kabla ya kununua pedali, ijue Bayati

Juzi kijana mmoja mpiga fidla wa Tanga kaniandikia: "Shikamoo maalim. Mwezi ujao napanda jukwaani kwenye onyesho la taarab asilia pamoja na kompyuta, na taksim nimeachiwa mimi peke yangu. Ninunue pedali gani ya lupu?"

Pedali ya lupu ni kifaa cha kukanyaga kinachorudia-rudia kipande ulichokirekodi; taksim ni pale mpigaji mmoja anapobuni muziki wake peke yake. Marahaba mwanangu. Umeniuliza wakati mzuri, kwani nimetoka kupiga onyesho la aina hiyo hapa Unguja, kanuni, yaani ala ya nyuzi nyingi ya kulaza magotini, pamoja na kompyuta, na ukumbi mzima ulisimama. Nalisema hili kifua mbele. Zamani mwandaaji mmoja aliifuta taksim yangu kwenye ratiba, akasema kanuni haisikiki na watu huchoshwa na mpigaji mmoja, kisha dakika zangu akampa mtu wa kinanda. Nilikaa nyuma ya pazia na kanuni yangu magotini. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu bashraf, kipande cha ala cha kufungulia, tunaipiga sote kama tulivyofundishwa, lakini kwenye taksim ndipo mpigaji husema lake, tena papo hapo. Klabu za taarab kama Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa 1905, zimetulea katika hilo.

Kuhusu kusikika, dawa ipo. Kanuni ina nyuzi sabini na kitu, na daraja lake limekaa juu ya ngozi, kwa kawaida ya samaki. Maiki ya kusimama mbele ilikuwa ikivuta ngoma za dumbaki na rika na kila kitu, halafu spika zinapiga mluzi. Mwanafunzi wangu akanibandikia maiki ndogo ya kugusa, ukubwa wa sarafu, kwenye ubao karibu na daraja. Basi. Kompyuta ikawa inapokea kanuni tu. Kwenye fidla yako bandika vivyo hivyo.

Kazi kubwa iko kwenye sauti zenyewe. Kompyuta ukiiacha ilivyo, inajua toni na nusu toni. Bayati ni mojawapo ya maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, na ikianzia re inataka mi iliyo katikati ya mi na mi bemoli, ile iliyoshushwa nusu toni. Mimi nageuza kijiti cha chuma kando ya nyuzi, imetoka. Kompyuta lazima uiamrishe ishushe mi kwa senti 50, yaani robo toni. Usiishie hapo. Sikiliza, maana mi ya Bayati hukaa chini kidogo kuliko ile ya maqam ya Rasti, na hilo hulipati kwenye kioo cha kompyuta, unalipata kwa kukaa na wazee wanaopiga.

Na lupu ya kuhesabu mapigo usiitumie kwenye taksim. Taksim haina mdundo. Inasimama, inavuta pumzi, inakwenda. Mashine inayohesabu itakuburuza. Mimi nilirekodi re moja ya chini, kompyuta ikaishikilia, nikatembea juu yake taratibu. Nilipoingia maqam nyingine, Hijazi, juu ya sol, mzee mmoja safu ya mbele akaita "Allah!" Nikaikawiza, nikairudia kwa njia nyingine, ndipo nikashuka tena kwenye re.

Vijana, msikimbilie mashine. Ijueni maqam kwanza. Anayeijua Bayati, hata umeme ukikatika ataendelea kupiga. Asiyeijua, hata umnunulie duka zima, atarudia vipande vitatu vilevile mpaka watu watoke nje. Maqam kwanza, nasema tena, na mwenye kununa anune.

Kwa hiyo mwanangu, pedali iache. Nyuzi za fidla yako zitie sol, re, sol, re, kama wanavyotia wapigaji wa taarab, na kila siku baada ya alasiri piga Bayati peke yake juu ya re iliyoshikiliwa; hata simu yako inaweza kuishikilia. Siku ya mazoezi ukumbini, mwombe fundi mitambo akuwekee spika ya kujisikia miguuni, na azime mdundo wote wa kompyuta kabla hujaweka upinde. Akikubishia, zungumza na mwandaaji siku hiyohiyo, usingoje usiku wa onyesho.