Muda wa kusoma upo mkuu, kazi ni kujibu "unasomea nini?"

Mleta mada umeuliza sisi tunaotoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku tunaupata wapi muda wa kusoma riwaya, maana wewe tangu uajiriwe hujamaliza hata kitabu kimoja. Waliotangulia wamekushauri uamke saa kumi alfajiri, uzime TV, ujipangie kurasa za kila siku. Sawa. Mimi niko kitengo cha uhasibu mwaka wa tisa huu, nina watoto wawili, naishi Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ofisi iko Posta, katikati ya jiji. Saa kumi alfajiri mimi ni maiti. Nitakueleza ninavyofanya, halafu nitakueleza yaliyonikuta, kwa sababu hayo hakuna aliyenionya.

Tuanze na barabara. Watu wa Gongo la Mboto wenzangu mnaijua Barabara ya Nyerere. Daraja la Mfugale pale Tazara lilipofunguliwa 2018 tulishangilia, foleni ikasogea mbele kidogo ikatusubiri, kisha ukaja ujenzi wa njia za mwendokasi tukarudi kulekule. Asubuhi sisomi. Nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika mfuko wenye simu. Jioni ndiyo yangu, kwa sababu jioni nageuza nalo. Kwa ndugu zetu wa mikoani: unalipanda gari linapoelekea mjini, kabla halijafika kituo cha mwisho, unazunguka nalo, na linapoanza kurudi wewe umeshakaa dirishani wakati wenzako wanagombania mlango. Konda atakulipisha nauli mara mbili, na ana haki. Mke wangu aliwahi kupiga hesabu ya hizo nauli za ziada kwa mwezi akaniuliza kama nina mtu mjini. Nikamwambia hiyo ni ada ya kusoma. Kurasa kumi na tano, ishirini siku njema, kabla giza halijaingia. Siku konda akifungulia singeli, kurasa nne, na hizo nne kesho yake nazirudia.

Pili ni kusubiri sahihi. Sijui ofisi yenu, ila kwetu hati ya malipo haiendi popote mpaka aliyeiandaa asaini, aliyeikagua asaini, na mwenye kuidhinisha asaini, na huyu wa tatu daima yuko kikaoni. Nje ya mlango wake kuna benchi la mbao. Zamani nilikuwa nakaa pale nikiwa na faili mapajani, nimenuna, nikihesabu vigae. Msambazaji anapiga simu kuuliza cheki yake, unamwambia "iko kwa bosi", naye anajua ni kweli na anajua haimsaidii. Miaka kama minne iliyopita nikaanza kwenda na kitabu. Benchi lile nimelisomea riwaya nne na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi, tena mlango ukichelewa kufunguka sasa sikasiriki, nakasirika ukifunguliwa katikati ya sura.

Tatu ni siku mfumo wa kompyuta ukigoma. Hapo sina la kueleza, kila mwenye kazi ya ofisini anazijua.

Kuna siku ambazo usijidanganye. Kuanzia tarehe 4 mpaka 7 ya kila mwezi tuna PAYE, kodi ya mishahara, na kuanzia tarehe 17 mpaka 20 tuna ritani za VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Siku hizo kitabu kinabaki kwenye droo na mimi sionekani hata na watoto wangu. Mwisho wa mwaka wa hesabu ndiyo usiseme kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza nasoma vitabu vingapi kwa mwaka, ni sita, saba. Si vingi. Ila miaka mitano ya kwanza ya kazi ilikuwa sifuri.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Ofisini ukishika simu saa nzima hakuna anayekuuliza. Unacheka peke yako, unasogeza picha juu kwa kidole, mtu anapita anakusalimia anaendelea na safari yake. Shika kitabu dakika tano. Watu watatu watasimama. Na hawaulizi kitabu kinahusu nini, wanauliza "unasomea nini?" Lugha yetu wenyewe imetuweka pabaya hapo, kwa sababu kusoma ni kupitisha macho kwenye maandishi na ni hichohicho kwenda shule. Ukisema "jana usiku nilikuwa nasoma" utaulizwa chuo gani. Mtu "aliyesoma" ni mwenye vyeti, hata kama tangu avipate hajafungua ukurasa. Kwa hiyo mtu mzima, mwenye ajira, ana kitabu mkononi: lazima kuna mtihani mahali fulani. Akikuambia hakuna, ama anakuficha, ama kazi zimemwishia na inabidi aongezewe.

Nilijaribu kusomea kwenye simu ili nikwepe. Ilifanya kazi kwa upande wa watu, ikanishinda kwa upande wa magrupu. Nina magrupu matatu ya michango ya harusi muda wowote wa mwaka, na hakuna riwaya inayoweza kushindana na mwenyekiti wa kamati anayekukumbusha ahadi yako mbele ya watu themanini na sita. Nikarudi kwenye karatasi.

Basi, mwaka ule nilinunua Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi wake mzaliwa wa Zanzibar, kupata Nobel. Kama hujaisoma, kijana Yusuf anachukuliwa kutoka kwao na tajiri anayemwita Ami Aziz, naye anadhani anatembezwa na ndugu wa baba yake, kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni aliloshindwa kulipa. Nakwambia kwa mtu wa hesabu kile kitabu kinauma kwa namna yake. Sisi deni lisilolipika tunaliandikia marekebisho, tunalifuta, tunakwenda kunywa chai. Mle ndani deni lina miguu, lina usingizi, linaota ndoto mbaya usiku. Nilikuwa nasoma polepole makusudi.

Nikakiwekea kava la gazeti kama tulivyokuwa tunafanya shuleni, kisichafuke kwenye daladala. Kosa langu lilianzia hapo, maana kitabu chenye kava la gazeti hakina jina.

Siku moja niko kwenye benchi langu, dada wa dawati la jirani akapita na birika la chai. "Kaka, unasomea nini?" Mimi mawazo yangu yako kwa Yusuf, nikajibu bila kuinua kichwa: "Mambo ya madeni."

"Aaah! CPA! Hongera kaka, umefanya jambo la maana."

CPA ni cheti cha juu cha wahasibu, na hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Nilikuwa na sekunde mbili tatu. Lakini alikuwa amefurahi kweli, na mlango wa bosi ukafunguka, na mimi nikainuka na faili langu. Nilijiambia nitamrekebisha saa saba wakati wa kula.

Saa saba, kwa mama ntilie, kitengo kizima kilikuwa kinajua. Mmoja akaniahidi madokezo yake ya zamani ya kodi. Mwingine akanieleza somo gani linaangusha watu. Wiki hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, niliweza kukaa kwenye benchi na kitabu changu na watu wakapita wakinyata. Nakuapia, wakinyata! Kijana wa field aliyekuja kuniuliza kitu akavutwa shati na wenzake: "Muache, anasoma." Kitabu kilekile, benchi lilelile. Sikumrekebisha mtu.

Mitihani ya CPA inafanyika Mei na Novemba, na sisi tulikuwa Agosti. Wahasibu wote wanaijua hiyo kalenda, mimi pia naijua, kwa hiyo nilijua hesabu yangu inaiva lini.

Oktoba mwishoni nikaandika dokezo la kuomba siku tano za likizo. Likizo yangu, niliyoifanyia kazi, ambayo nilikuwa nimeshaiomba mara mbili mwaka ule nikaambiwa "tuone baada ya kufunga mwezi". Sikuandika neno mtihani popote, hilo naomba lieleweke. Bosi akalisoma, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Novemba, eeh?" Akasaini palepale. Mimi ambaye nimesubiri sahihi ya mzee yule mpaka nikamaliza riwaya nne, nikapata sahihi nikiwa nimesimama.

Siku ya kwanza nilibaki nyumbani, watoto wakanimaliza. Siku ya pili nikaenda Maktaba Kuu, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Nilikuwa sijaingia tangu niwe mwanafunzi. Nikapata kiti, nikafungua kitabu changu chenye kava la gazeti, nikatazama kulia na kushoto: vijana watupu, wanabukua, madaftari, vikokotozi, midomo inacheza kama wanasali. Binti wa mbele yangu akaninong'oneza, kwa heshima zote: "Shikamoo. Samahani baba, na wewe una mtihani?"

Nikamwambia marahaba, sina, najisomea tu. Akatabasamu kama mtu aliyejibiwa kwa fumbo, akarudi kwenye vikokotoo vyake. Nilikaa mpaka saa kumi jioni. Sijui kama nimewahi kuwa na siku nzuri kuliko ile tangu niajiriwe, na niliitumia nikiwa kama mtoro.

Nilirudi ofisini kwa maswali ya "paper zilikuwaje?" Nikasema "Mungu mkubwa", na hapo hata mimi nilijichukia kidogo. Matokeo yalipotoka, dada wa dawati la jirani akaja taratibu, akavuta kiti. Nikaamua yaishe. Nikamwambia kila kitu: sijajisajili, sikufanya mtihani wowote, kile kilikuwa kitabu cha hadithi. Nikamtolea na kitabu kwenye droo nikakivua kava mbele yake.

Akanishika bega. "Kaka yangu, pole. Wala usione aibu. Wengi wanarudia."

Nikamwambia dada, nisikilize, hakuna mtihani. Akatikisa kichwa, akasema wifi yake alirudia mara tatu na leo ana ofisi yake. Kufikia saa saba kitengo kizima kilikuwa kinajua nimefeli na nimeanza kukana. Bosi aliniita, akanifungia mlango, akaniambia Mei si mbali. Mpaka leo nikikaa kwenye lile benchi wananionea huruma badala ya kunyata, ila bado hawanisumbui, kwa hiyo kurasa zinakwenda.

Aliyeniamini ni mmoja tu, mama wa masijala, na hiyo ni kwa sababu alinikuta nakisoma kile kitabu huku nacheka, akasema mtu wa CPA hachekagi. Akakiazima "nikiangalie wikiendi hii tu". Huu ni mwezi wa nane tangu akichukue. Sasa mkuu, ukiamua kuanza, nunua nakala mbili.

Juzi nilishuka masijala kutafuta faili la mwaka 2019 nikakiona juu ya rafu yake, kimewekewa kava jipya, la kalenda ya mwaka jana, na ndani kimealamishwa kwa risiti ya luku. Ukurasa wa tisini na kitu. Nikachukua faili langu nikapanda ngazi.