Laptopu ya mwanafunzi: piga hesabu ya miaka utakayoitumia

Kila masomo yanapokaribia kuanza, wazazi na walimu wenzangu huniuliza swali lile lile: laptopu ya bei rahisi ya mtoto naipata wapi? Nami huwauliza, rahisi hadi lini? Nafundisha kompyuta, na miaka hii yote kazi yangu imekuwa pia kuchagua mashine za shule, kuzigawa na kuzifufua zinapozimika. Hesabu ninayoipiga ni fupi. Chukua bei ya kununua, jumlisha chaja moja, betri moja na tengenezo moja la fundi, halafu gawa kwa idadi ya miaka utakayoitumia. Mashine iliyoonekana ya bei ya chini siku ya kununua mara nyingi huibuka ya juu kuliko zote.

Watu wakubwa wamewahi kujikwaa hapa. Januari 2005, kwenye mkutano wa uchumi wa Davos, Uswisi, Nicholas Negroponte, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, alitangaza mradi wa One Laptop per Child, akalenga mashine ya dola 100 kwa kila mtoto. Uzalishaji ulipoanza mwishoni mwa 2007, bei ilikuwa inakaribia dola 200. Yenyewe haikuwa mbaya hata kidogo: kioo kinasomeka juani, kibodi ya mpira haipitishi vumbi, umeme inatumia kiduchu. Peru ilinunua kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walichapisha matokeo ya shule 319 za msingi za vijijini huko: mashine zilifika, watoto wakazitumia, lakini alama za hesabu na lugha hazikusogea. Intaneti karibu haikuwepo shuleni, na mwalimu hakuwa ameandaliwa kuiingiza mashine kwenye somo lake.

Uruguay nao walianza 2007 na mpango wa Ceibal, kwa mashine za aina ile ile, ila wao waliunganisha na shule kwenye intaneti. Hata huko, tafiti za miaka ya mwanzo hazikuona alama zikipanda kwa sababu ya mashine peke yake. Lakini shule zilipofungwa mwaka 2020, Uruguay walikuwa na vifaa na majukwaa ya masomo tayari, wakati nchi nyingi ndiyo kwanza zinatafuta pa kuanzia. Ndiyo maana nikiitwa na shule, kabla ya kuzungumzia bei huwauliza walimu: wiki ya kwanza mwanafunzi ataifungua kwenye somo gani, afanye nini? Wakikosa jibu, nawashauri wanunue chache za walimu kwanza, waishi nazo muhula mmoja.

Sasa twende kwenye kununua. Msimamo wangu haujifichi: kwa fedha ile ile, nachukua mashine ya ofisini iliyotumika miaka michache kuliko mpya kabisa ya bei ya chini dukani. Hiyo mpya inang'aa, lakini fungua karatasi yake ya sifa uone: memori (RAM) GB 4 isiyoongezeka, na hifadhi ya eMMC, ambayo ni chipu iliyochomelewa kwenye bodi kuu, pengine GB 32 au 64. Masasisho ya Windows hujaza nafasi hiyo hadi mtoto anashindwa kuhifadhi kazi yake ya nyumbani, na hapo fundi hana la kukusaidia. Mashine za maofisini kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP zilitengenezwa zifunguliwe. Nyingi ukitoa skrubu za chini unabadilisha diski, betri na mara nyingi hata memori, na vipuri vyake vimejaa kwa mafundi. Lenga memori GB 8 na diski ya SSD, ile ya chipu isiyozunguka. Kama fedha inatosha kimoja tu kati ya hivyo viwili, anza na SSD, maana mashine nyingi zinazoitwa nzito zimelemewa tu na diski ya zamani inayozunguka.

Usikubali kununua yoyote bila kuishika, na usikague haraka kwa kuwa muuzaji amesimama pembeni anaangalia saa. Mimi huanza na mfuniko. Naushika kwenye kona moja na kuuinua polepole. Mfuniko ukitoa mlio, au plastiki ya karibu na bawaba ikiachia mwanya, mashine nairudisha mezani. Bawaba ikivunjika huondoka na waya wa kioo. Kisha naichomeka chaja na kuitikisa kidogo tu. Taa ya chaji ikizima na kuwaka, tundu limelegea. Nafungua ukurasa mtupu na kubonyeza kila herufi, kila namba, nikimalizia na kitufe cha nafasi, kwa sababu ndicho kinachopigwa kuliko vyote. Naifanya skrini iwe nyeupe tupu nitafute madoa, halafu nyeusi tupu nione kama pembeni inavuja mwanga.

Betri haina haja ya kubahatisha. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, utapata faili lenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo ilionao leo. Ikiwa ya leo haifiki nusu ya ile ya kwanza, hiyo ni betri ya kubadilisha, na gharama yake ikatwe kwenye bei hapo hapo. Muuzaji akisema "betri iko poa, inakaa tu vizuri", mwonyeshe namba.

Kilichobaki ndicho kinachowaliza wengi: kufuli zisizoonekana. Izime, iwashe, uingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji hana, achana nayo. Chromebook, laptopu inayotumia mfumo wa Google, iliyowahi kuwa ya shule au kampuni huweza kubaki imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Ukiifuta yote na kuianza upya inarudi kuonyesha kwamba inasimamiwa na taasisi fulani, na huipiti mpaka taasisi hiyo iiachilie. Kwa hiyo ifutwe na kuwashwa upya mbele yako, na iunganishwe na intaneti kabla hujatoa fedha. Angalia pia tarehe ya mwisho ya masasisho yake, maana kila modeli inayo. Mwaka 2023 Google walitangaza miaka 10 ya masasisho kwa Chromebook, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu modeli ilipotoka. Siku uliyonunua wewe haihusiki.

Kuna nafasi nzuri imefunguka ambayo watu hawajaichangamkia. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi, kwa sababu ya prosesa au kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Maofisi yanaziondoa kwa wingi. Ndani bado ni nzima. Weka mfumo wa bure badala ya Windows, Linux Mint, au Lubuntu kama memori ni ndogo, na mtoto ataandika insha, atatengeneza majedwali, atajifunza kupanga programu na kutazama somo la video bila shida. Kuna mzazi aliwahi kuninunia kwamba mwanawe amepewa "kompyuta ambayo si kompyuta" kwa kuwa haikuwa na Windows. Mtoto mwenyewe aliizoea ndani ya siku chache. Isipokuwa shule inadai programu fulani inayokubali Windows tu, hapo huna ujanja. Uliza kwanza.

Twende nyumbani, kwani huko ndiko shule nyingi huogopa. Itaibiwa, itamwagikiwa chai, kaka yake ataifanyia michezo. Kwa hiyo mashine zinafungiwa kabatini. Mimi nasema wazi kwamba kabati linaua laptopu nyingi. Betri ya lithiamu ikiachwa tupu kwa miezi huendelea kushuka taratibu, na ikipita kiwango fulani saketi yake ya ulinzi hukataa kabisa kuchaji. Shule moja niliyoisaidia ilifungua kabati baada ya likizo ndefu ikakuta mashine ambazo ziliwekwa nzima haziwaki. Kama ni lazima zikae, ziache na chaji ya karibu nusu, zizimwe kabisa, na kuwe na mtu wa kuzipitia. Lakini zikitoka na watoto ni bora zaidi. Karatasi moja ya makubaliano na mzazi inatosha: nani analipa nini ikivunjika, na nani anaitumia baada ya saa ngapi. Mtoto apewe akaunti ya kawaida, nenosiri la msimamizi libaki kwa mtu mzima. Hivyo hata huyo kaka hataweza kusakinisha vitu vyake.

Nyumba isiyo na intaneti isikukatishe tamaa. Kolibri ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya hali hiyo: mashine moja ya shule inabeba video, mazoezi na vitabu, na zingine zinaifikia kwa Wi-Fi ya darasani bila hata tone la bando. Kwa matumizi ya nyumbani, Kolibri hiyo hiyo huwekwa kwenye laptopu ya mwanafunzi na kupakuliwa masomo ya muhula. Kiwix, programu nyingine ya bure, nayo hubeba Wikipedia isomeke bila intaneti. Ya Kiingereza pamoja na picha inadai zaidi ya GB 100, ila kuna matoleo ya mada chache yanayoenea kwenye diski ndogo. Mtoto anachaji shuleni, anarudi na kazi zake, kesho yake anazikabidhi.

Shule ikinunua, inunue modeli moja. Hata kama wiki hii kuna ofa ya nyingine, acha ipite. Modeli moja maana yake chaja zinaingiliana, nakala moja ya mfumo inawekwa kwenye zote, na mbili zilizokufa, moja kioo na nyingine bodi, zinazaa moja nzima. Kama zipo zinazochaji kwa USB-C, zipe kipaumbele. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba laptopu mpya zinazouzwa huko kuanzia 28 Aprili 2026 ziwe na uwezo huo, kwa hiyo chaja hizo zitazidi kupatikana. Chaja ndiyo hupotea na kukatika kabla ya kitu kingine chochote. Nanunua mbili za akiba kwa kila mashine kumi na bado kuna muhula hazitoshi.

Na wafundishe wanafunzi wenyewe kuzitunza. Kikundi cha watano wenye bisibisi na brashi laini hupunguza safari za kwa fundi kwa kiasi kikubwa. Kufuta vumbi kwenye feni, kubadilisha kibodi na kuweka SSD ni kazi wanazoziweza, mtu mzima akiwa pale. Betri pekee siwaachii. Padi ya kipanya ikianza kuinuka au mfuniko ukigoma kufunga, betri imevimba: mashine izimwe, isichajiwe tena, na mwenye kuitoa awe fundi anayejua. Betri hiyo isitobolewe wala kutupwa pamoja na taka za kawaida. Diski, kioo na memori vya mashine hiyo vinaingia kwenye kasha la vipuri.