Umeteuliwa bodi ya ushauri ya jamii ya utafiti wa kuponya VVU? Soma haya kabla ya kikao cha kwanza

Wajumbe wengi wapya hudhani kazi yao ni kuhudhuria kikao, kumsikiliza daktari, kusaini posho, halafu kurudi mtaani kuhamasisha watu wajiunge. Uhamasishaji una watu wake na wanalipwa. Wewe umeitwa uisome itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, ingali rasimu na uulize yale ambayo mshiriki, akiwa amekaa na fomu ya ridhaa mkononi, hatapata ujasiri wa kuyauliza.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa: rasimu iko hatua gani? Kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya Tanzania ya utafiti wa magonjwa, ikishapitisha na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ikishatoa kibali, hata kuongeza siku moja ya mahudhurio ni marekebisho rasmi yanayorudi kuombewa ruhusa. Ukiambiwa kila kitu kimeshapita, dai iandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba bodi haikuiona rasimu. Mwongozo wa ushirikishwaji wa UNAIDS, shirika la UKIMWI la Umoja wa Mataifa, na AVAC, shirika la utetezi wa kinga ya VVU, toleo la pili la mwaka 2011, uliandikwa kwa ajili ya majaribio ya kinga ya VVU, lakini msingi wake unafaa hapa pia: jamii inaingia tangu utafiti unapobuniwa.

Sayansi unayohitaji si nyingi. ARV huzuia virusi kuzaliana, ila haziwezi kuvitoa virusi vilivyojipachika kwenye vinasaba vya CD4, seli nyeupe za kinga, zilizolala. Ghala hilo la virusi vilivyojificha hupungua nusu kwa takriban miezi 44, kwa hiyo umri wa mtu hautoshi kulimaliza kwa vidonge peke yake. Ukiacha dawa, kwa watu wengi virusi huonekana tena ndani ya wiki mbili hadi nne.

Mtaani utaulizwa mbona Wazungu wanapona. Timothy Ray Brown aliyetibiwa Berlin na Adam Castillejo wa London wote walikuwa na saratani ya damu, wakapandikizwa uloto wa mifupa wa watu wenye mabadiliko ya kinasaba ya CCR5 yanayovifungia virusi mlango wa kuingia kwenye seli, mabadiliko ambayo kwa Waafrika ni nadra mno. Upandikizaji huo unaweza kuua, na hakuna daktari atakayempa mtu anayeishi vizuri na ARV. Kumbuka pia mtoto wa Mississippi aliyezaliwa mwaka 2010: alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa, dunia ikashangilia, mwaka 2014 virusi vikarudi. Karibu na kwetu kuna utafiti wa Umlazi, Afrika Kusini, uliohusisha wanawake 20 walioanza dawa mapema sana. Wachache wamekaa muda mrefu bila ARV. Wachache, si wote; ukisimulia usiruke neno hilo. Dar haijasahau kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo cha mwaka 2011, cha shilingi 500, na watu walioacha dawa baada ya kukinywa. Kila unapozungumza Tandale au Mbagala, anza na "usiache dawa", kisha ndiyo uueleze utafiti.

Ukurasa wa kusoma mara mbili ni ule wa kusitisha dawa. Bado hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuthibitisha kwamba mtu amepona, hivyo majaribio mengi humwachisha mshiriki ARV chini ya uangalizi ili kuona kama virusi vitarudi. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka ameambiwa CTC, kliniki anakochukua ARV, asiruke hata dozi moja. Angalia ratiba: wingi wa virusi upimwe kila wiki au kila wiki mbili katika miezi ya mwanzo. Kila mwezi haitoshi. Kisha tafuta vigezo vya kumrudisha kwenye dawa, vikiwa vimeandikwa kwa namba. Vinavyotumika sana ni virusi kuzidi nakala 1,000 kwa mililita wiki nne mfululizo, CD4 kushuka chini ya 350, dalili za ugonjwa, ujauzito, au mshiriki mwenyewe kusema imetosha. Hicho cha mwisho mara nyingi hufunikwa kwa maneno ya kukwepa, kama "baada ya makubaliano na mtafiti". Maneno hayo yakataeni.

Kuna mwenzi pia. Aliyefubaza virusi, yaani ambaye ARV zimevishusha mpaka havionekani kwenye kipimo, haambukizi kwa kujamiiana. Virusi vikirudi, hali hiyo imekwisha na mwenyewe hajui mpaka majibu yatoke. Ulaya kumeripotiwa wenzi walioambukizwa katika kipindi kama hiki. Uliza majibu yanachukua siku ngapi kutoka maabara, mwenzi atapewaje PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, na itakuwaje kwa mshiriki ambaye nyumbani hajasema.

Jambo ambalo watafiti wageni hawalioni ni CTC yenyewe. Mshiriki akisitisha dawa bila kliniki yake kuarifiwa, jina lake litaingia kwenye orodha ya waliopotea, na mwelimishaji rika atatumwa kumfuata hadi mlangoni. Akienda akapimwa huko, virusi vikionekana juu, atawekwa kwenye ushauri nasaha wa ufuasi kana kwamba ni mzembe. Itifaki itaje ni nani anaipa CTC taarifa, kwa barua gani, na ni nani hapo kliniki anaruhusiwa kuiona.

Halafu damu. Jiji hili lina hadithi za mumiani tangu enzi za mkoloni, na "mililita 60" kwenye fomu haimwambii mtu chochote. Nenda kikaoni na chupa ya soda ya mililita 350, bomba la sindano la mililita 10 na maji, uzipime hizo 60 mbele ya wote. Mfuko anaojaza mchangiaji damu wa Damu Salama ni mililita 450, hicho ni kipimo ambacho watu wanakifahamu. Baada ya hapo jumlisha mwenyewe. Ukomo unaotumiwa na NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, kwa mtu mzima ni mililita 10.5 kwa kila kilo ya uzito au mililita 550, iliyo ndogo kati ya hizo, ndani ya wiki nane. Mama wa kilo 45 ukomo wake ni kama 472. Akitolewa 60 kila wiki, wiki ya nane amefika 480, ameshapita. Jedwali la mahudhurio halitakuonyesha hilo, kwa sababu kila safu inaonekana ndogo. Kama kuna uchujaji wa seli nyeupe kwa mashine, waelezwe mapema: sindano mikono yote miwili, saa mbili hadi nne kitandani, na midomo inaweza kuhisi kama inachomwachomwa kwa sababu dawa ya kuzuia damu kuganda hupunguza kalsiamu. Sampuli zikisafirishwa nje, ulizia mkataba wa kuhamisha sampuli: nchi gani, miaka mingapi, na vinasaba vitachunguzwa au la.

Usiri huvuja kwa vitu vidogo. Gari lenye nembo ya mradi likiegeshwa Manzese kwenye nyumba ya wapangaji wanane, kufikia jioni mtaa mzima umeshajua. Simu nyingine hutumiwa na familia nzima, kwa hiyo ujumbe wa miadi usitaje kliniki. Nauli ya anayetoka Chanika hailingani na ya anayetoka Ilala, na ilipwe siku hiyohiyo, mkononi, bila karatasi yenye majina ya wengine.

Kuhusu fedha, TMDA inataka bima ya washiriki. Omba kuona inaisha lini na inahusu madhara gani. Pia uliza mfadhili akijitoa katikati itakuwaje. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kuna wanawake Afrika Kusini walikatiziwa jaribio wakiwa bado na pete ya utafiti ukeni. Kwenye utafiti wa kuponya, anayekatiziwa anaweza kuwa amesitisha dawa. Fedha za kumrudisha kwenye ARV na kumfuatilia mpaka virusi vifubae tena zitengwe kabla ya mshiriki wa kwanza kusaini.

Na matokeo, mazuri au mabaya, washiriki wayasikie kwa Kiswahili kabla hayajasomwa redioni. Tarehe yake iwekwe kwenye itifaki, pamoja na jina la cheo cha atakayewaita.