Swingi ya gofu: kabla ya kupunguza kasi, panga mapigo

Ukifika viwanja vya Lugalo au Gymkhana hapa Dar es Salaam ukiwa mgeni wa gofu, ushauri wa kwanza utakaopewa, pengine kabla hata hujajua kushika fimbo vizuri, ni "punguza, polepole". Mpira ukikimbilia vichakani, polepole. Ukichota udongo nyuma ya mpira, polepole. Atakwambia kedi, yule anayekubebea fimbo, atakwambia mzee unayecheza naye, na wa tatu ataongeza kwamba haraka haraka haina baraka. Wote wanakutakia mema, na ukweli umo ndani yake. Lakini nimeona wengi wanaoanza wakiuchukua ushauri huo ulivyo: wanapandisha fimbo kwa woga, taratibu kabisa, halafu wakifika juu wanaiporomosha kwa nguvu zote walizonazo. Swingi inakuwa mbaya kuliko ya mwanzo, na mtu haelewi, maana polepole ameshafanya.

Kuna mambo mawili hapa, na mgeni wa mchezo huyachanganya. La kwanza ni mwendo, yaani muda wote tangu fimbo inapoachana na mpira kurudi nyuma hadi inapokuja kuupiga. La pili ni mapigo, yaani muda huo unavyogawanyika kati ya kupandisha na kushusha. Mwendo ni wa mtu binafsi. Kuna mwepesi, kuna mzito, na wote wanacheza vizuri. Kinachovunjika kwa anayeanza, karibu kila mara, ni mapigo.

Hili limepimwa. Ukichukua video za wachezaji wa kulipwa, zile za kawaida zenye picha 30 kwa sekunde, ukahesabu picha moja moja, utakuta wengi wao wanapandisha kwa picha 21, 24 au 27, na kushusha hadi kwenye mpira kwa picha 7, 8 au 9. Gawanya uone: tatu kwa moja. Yule wa katikati, wa 24 kwa 8, anatumia sekunde 0.8 kupandisha na kama sekunde 0.27 kushusha. Shughuli yote imekwisha kwa sekunde moja na kidogo. Ukimtazama kwenye televisheni unasema huyu bwana ana utulivu sana, kumbe anakwenda kasi kuliko wewe. Utulivu unaouona unatokana na mapigo yaliyopangika.

Mwaka 1994 ulikuwa mzuri sana kwa wachezaji wa kusini mwa Afrika. Ernie Els wa Afrika Kusini alichukua U.S. Open, na Nick Price wa Zimbabwe akachukua The Open kisha PGA Championship. Mashindano makubwa ya wanaume ni manne kwa mwaka, na wawili hawa wakaondoka na matatu. Sasa tafuta video zao. Els ni mrefu, na swingi yake ni laini hata unadhani hajatumia nguvu. Price ni mwepesi mno, ukipepesa macho umeikosa. Mgeni akiambiwa amuige mmoja wao atachagua Els, kwa sababu ndiye anayefanana na ile "polepole". Ukiwa kwa maumbile ni mtu wa haraka, anayetembea haraka na kula haraka, kumuiga Els kutakupotezea muda. Mtazame zaidi Price.

Nitaeleza kisa kimoja kwa sababu kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo. Dada mmoja, mhasibu, alikuwa sehemu ya mazoezi na ayani namba 7, fimbo ya chuma ya masafa ya kati, na mipira yake mingi ilikuwa inaburuzika kulia bila kupanda. Alikuwa ameambiwa polepole na kila aliyepita nyuma yake. Tukamrekodi kwa simu kwa upande wa mbele, tukahesabu picha: 36 kupandisha, 8 kushusha. Kushusha kwake kulikuwa sawasawa na kwa mchezaji wa kulipwa. Tatizo lilikuwa huko juu alikochukua zaidi ya sekunde nzima, mikono ikisafiri peke yake, mabega yamebaki nyuma, na akifika juu hana kilichojikunja mwilini ila viganja vilivyokaza mpini. Nikamwambia apandishe haraka zaidi.

"Sasa kaka, wenzako wote wanasema nipunguze, wewe unasema niharakishe?"

"Kupandisha tu. Kushusha kuache kama kulivyo."

Hakuamini, lakini alijaribu. Alipoipandisha fimbo bila kuibembeleza, mabega yalilazimika kuzunguka nayo, uzito ukaenda mguu wa kulia wenyewe. Mpira haukwenda mbali ajabu. Ila ulipanda, na ulipiga sauti ile kavu ambayo ukiisikia mara moja unaijua siku zote.

Sababu yake iko kwenye misuli. Msuli ukinyooshwa kwa kasi ya kutosha kisha ukarudi papo hapo, unarudi na nguvu zaidi kuliko ulionyooshwa taratibu ukasubiri. Ukipandisha kwa kuvuta vuta unaipoteza nguvu hiyo, na ukifika juu mwili unajua kwamba hakuna kitu, kwa hiyo mikono inaruka kuokoa. Viwiko vinanyooka mapema, viganja vinafunguka fimbo ikiwa bado usawa wa bega, na kasi yote ya kichwa cha fimbo inatumika hewani. Ikifika kwenye mpira imeshaanza kupungua. Wala usifikiri utarekebisha wakati fimbo inagusa mpira. Mguso huo unachukua kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Kila kitu kimeshaamuliwa kabla.

Kwa hiyo unapangaje mapigo? Mimi nafundisha kwa majina ya mitaa, kwa sababu silabi za Kiswahili zinatoka karibu sawasawa, na hicho ndicho tunachokitaka. Kwa mkwaju kamili tumia Mwananyamala. "Mwa" fimbo inaondoka kwenye mpira, "na" iko usawa wa kiuno, "nya" inapita bega, "ma" imefika juu, "la" imepiga mpira. Kati ya "mwa" na "ma" kuna nafasi tatu, kati ya "ma" na "la" kuna nafasi moja. Tatu kwa moja. Tamka kwa mwendo wa mtu anayemwambia konda kituo anachoshukia, usiburuze na usikimbize. Kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo, uwiano hubadilika, unakuwa mbili kwa moja, hivyo unahitaji jina fupi zaidi: Kinondoni. "Ki" inaondoka, "no" inarudi nyuma, "ndo" imefika mwisho wa nyuma, "ni" inagusa mpira. Jina hilo hilo lifae kwa mkwaju wa mita mbili na wa mita kumi. Kinachobadilika ni umbali unaorudisha fimbo nyuma. Wageni wengi kwenye grini hurudisha fimbo kidogo kisha wanaugonga mpira kwa ghafla, ndiyo maana mkwaju mmoja unaishia nusu ya njia na unaofuata unapitiliza shimo.

Ukitaka kupima kwa ukali zaidi, pakua kwenye simu programu ya metronomu, ile inayogonga mlio kwa nafasi sawasawa, na utaje silabi moja kila inapogonga. Iweke mapigo 225 kwa dakika, yule mtu wa 24 kwa 8. Mwepesi aweke 257, mzito aweke 200. Vijana wa Manzese na Tandale wataitambua kasi hiyo mara moja, ndiko singeli inakochezea, kati ya mapigo 200 na 300. Ndiyo maana nasema gofu si mchezo wa polepole. Jaribu namba zote tatu, kila moja kwa mipira ya kutosha, kisha baki na ile inayokupa mguso wa katikati ya kichwa cha fimbo mara nyingi zaidi. Usichague inayokupa mpira mmoja wa mbali.

Simu nyingi siku hizi hurekodi picha 240 kwa sekunde ukiweka mwendo wa taratibu. Hapo 24 kwa 8 itasomeka 192 kwa 64. Usishtuke, uwiano ni ule ule.

Angalizo muhimu: metronomu iishie kwenye mazoezi. Kanuni ya 4.3 ya gofu inakataza kusikiliza muziki au sauti yoyote ili ikusaidie mwendo wa swingi ukiwa unacheza raundi. Kosa la kwanza ni adhabu ya mikwaju miwili kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, la pili unaondolewa. Vipokea sauti vibaki kwenye begi. Mwananyamala ya kichwani haina adhabu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji mpira wala ada ya uwanja, unaweza kulifanya uani nyumbani. Geuza fimbo juu chini, ushike karibu na kichwa chake, mpini uwe ndio unaozunguka. Swingi kama kawaida, usikilize. Utasikia "vuuu". Swali ni sauti hiyo iko wapi. Ikiwa kubwa juu, karibu na bega lako la kulia, ujue unatupa nguvu mapema, mapigo yamevunjika pale pale pa "ma". Inatakiwa iwe kubwa mbele ya mahali mpira ungekuwa, kidogo kuelekea mguu wa kushoto. Rudia hadi sauti ihame. Inahama, ila hutaweza kuihamisha kwa kukaza mikono. Itahama pale ambapo kiuno na magoti vitaanza kurudi kushoto kabla mikono haijaanza kushuka. Mtazame Hideki Matsuyama, Mjapani aliyechukua Masters mwaka 2021. Yeye hutulia juu kidogo, unaona kabisa, kisha miguu inatangulia ndipo mikono inafuata. Sikushauri kuiga kutulia kwake, ni kwake yeye. Iga mpangilio.

Zoezi la pili ni kupiga miguu ikiwa imebanana. Ukivunja mapigo utayumba, mwili wenyewe utakwambia.

Fimbo zote za mkwaju kamili zitumie jina moja. Hili linawashinda wengi wakishika draiva, ile fimbo ndefu ya mikwaju ya mbali. Draiva ina urefu wa kama inchi 45, ayani namba 7 kama inchi 37. Kichwa kilicho mbali zaidi na mikono kinasafiri njia ndefu zaidi ndani ya muda ule ule, kwa hiyo kasi ya ziada tayari imo ndani ya fimbo yenyewe. Ukiongeza na ya kwako, unakuwa umeivuruga. Mwananyamala ya ayani namba 7 ndiyo Mwananyamala ya draiva.

Sasa mambo ya hapa kwetu, ambayo video za Marekani hazitakufundisha.

Jasho. Dar ikiwa na unyevu, hasa Januari hadi Machi, mpini unateleza kuanzia shimo la tatu. Mtu akihisi fimbo inateleza anaibana, akiibana mikono inakakamaa hadi mabegani, na mikono iliyokakamaa haiwezi kuhesabu tatu kwa moja. Beba taulo mbili, moja ya mpini tu, na glavu ya kubadilisha. Futa mpini kabla ya kila mkwaju hata kama unaona umekauka.

Upepo. Gymkhana iko karibu na bahari, na kusi ikivuma Juni na Julai utausikia mpira ukirudishwa. Hisia ya kwanza ni kupiga kwa nguvu zaidi. Mkwaju wa nguvu unaupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, unapanda juu sana, na huko juu ndiko upepo unakoumaliza. Chukua fimbo ndefu zaidi, yaani namba ishuke kwa moja au mbili, kama 6 au 5 badala ya 7, mapigo yabaki yale yale.

Foleni nayo ni adui ambaye sikuwahi kuona mwalimu anamtaja. Umetoka kazini Posta saa kumi, umekwama Mwenge, unaingia Lugalo saa kumi na moja na nusu na jua linakaribia kuzama. Unavaa viatu huku unatembea. Mkwaju wa kwanza unakwenda mwendo wa barabarani. Ukifika umechelewa, afadhali uruke shimo la kwanza uanzie la pili na watu wako kuliko kuanza ukiwa unahema. Kanuni zinashauri mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40, na sekunde 40 ni nyingi kuliko unavyodhani. Simama nyuma ya mpira, toa pumzi yote hadi mabega yashuke, fanya swingi moja ya majaribio ukitaja jina lote kimoyomoyo, kisha ingia upige kabla hujapoa. Anayesimama juu ya mpira akiwaza viwiko, magoti na kichwa kwa pamoja ameshapoteza mapigo hata kabla ya "mwa".

Mwisho, mtumie kedi wako. Makedi wa viwanja hivi wameona swingi nyingi kuliko walimu wengi, na baadhi yao wanacheza vizuri kukushinda. Ila ukimuuliza "nimekosea nini?" atakujibu kuhusu mpira ulikokwenda, kwa kuwa ndiyo kazi yake kuufuata. Muulize kwa heshima, tena kabla ya kupiga: "Kaka, mkwaju huu usiangalie mpira, niangalie juu. Nikianza kushuka, kinatangulia nini, kiuno au mikono?" Mpe mashimo matatu ya kukutazama hivyo. Mpira mmoja au miwili itapotea kwa sababu hakuna aliyeutazama, na mnazo dakika tatu za kuutafuta kila mmoja.