Mgongo uliokaza ghafla: usikae kitandani kuungoja upone

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mgongo wako ulikaza ghafla ulipoinama kuinua ndoo, kwamba tangu siku hiyo umelala chali ukisubiri nafuu, na umeuliza kama uhamie sakafuni kwa kuwa watu wamekwambia kwamba sakafu hunyoosha uti wa mgongo. Mimi si daktari. Ni fundi wa kushona, na kwa kuwa kazi yangu ni ya kuketi nikiwa nimeinamia cherehani, maumivu ya kiuno nayafahamu kwa miaka mingi. Nitakueleza yaliyonisaidia pamoja na sababu zake, kama nilivyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia na kama nilivyoendelea kujisomea.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba tatizo lako ni la kutunzwa nyumbani. Ukihisi ganzi sehemu za siri au upande wa ndani wa mapaja, ukishindwa kukojoa, ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu ikizidi kulegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu huenda mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti wa mgongo imebanwa, na ukichelewa ulemavu huo unaweza kuwa wa kudumu. Muone daktari mapema pia ikiwa maumivu yanaambatana na homa, jasho la usiku au kupungua uzito bila sababu, kwa maana kifua kikuu na saratani huweza kushambulia pingili za mgongo, au ikiwa yalianza baada ya kuanguka au kupata ajali.

Ikiwa huna hata dalili moja kati ya hizo, nakusihi uondoke kitandani. Siku moja au mbili za kujipumzisha hazina ubaya wakati maumivu ni makali, lakini tafiti zilizolinganisha wagonjwa walioagizwa kulala na wale walioshauriwa kuendelea na shughuli kadiri walivyoweza zimeonyesha kwamba wa kundi la pili hawakudhurika, na kwa kawaida walipata nafuu mapema zaidi. Sababu yake inaeleweka. Misuli inayoshikilia kiuno hudhoofika upesi isipotumika, na diski zilizo kati ya pingili karibu hazina mishipa ya damu ndani yake. Hupata lishe kwa maji yanayoingia na kutoka kama katika sifongo, kadiri unavyosogea na kupumzika. Maumivu mengi ya aina yako hupungua sana ndani ya wiki chache, ilimradi usiuzoeze mwili kuogopa kusogea.

Najua kwamba kuinuka ndiko kugumu kuliko yote, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu. Usijikunje kutoka chali kwenda kuketi. Kunja magoti, kisha ugeuke ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja bila kiuno kujisokota. Teremsha miguu nje ya kitanda, na wakati huo huo ujisukume juu kwa kiwiko cha upande uliolalia na kiganja cha mkono mwingine. Ukishaketi, vuta pumzi mara kadhaa kabla ya kusimama. Baada ya hapo tembea ndani ya nyumba dakika 5 tu, upumzike, kisha urudie baada ya muda. Ni heri matembezi mafupi mengi kuliko moja refu litakalokuacha umekunja uso.

Kuhusu sakafu, sikushauri. Utafiti uliofanyika Uhispania na kuchapishwa mwaka 2003, uliohusu watu wenye maumivu sugu ya kiuno, ulionyesha kwamba waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi ya waliolalia magodoro magumu. Ukilala chali weka mto chini ya magoti. Ukilala ubavu uweke kati ya magoti ili nyonga isivute kiuno.

Kukanda kwa joto hulegeza misuli iliyokaza. Mimi hutumia chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, dakika 15 hadi 20, na mara nikimaliza hutembea, kwa kuwa hapo ndipo mwili unapokubali kusogea. Kwa upande wa dawa, utafiti mkubwa wa Australia uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba parasetamoli haikuharakisha kupona kwa maumivu ya kiuno kuliko kidonge kisicho na dawa. Ibuprofeni na jamii yake husaidia kiasi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito asizimeze bila kumuuliza daktari.

Maumivu yakishapungua, usiache hapo. Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni hili: piga magoti na kuweka viganja chini, mgongo ukiwa bapa, kisha unyooshe mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, ukae hivyo kwa sekunde 8 hadi 10 bila kiuno kubonyea wala nyonga kuinama upande mmoja, halafu ubadilishe. Linaonekana jepesi, lakini ukilifanya kwa usahihi utahisi tumbo na mgongo vikifanya kazi pamoja, na huo ndio ushirikiano unaokosekana katika mgongo unaokaza kila mara.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni hatari ya kuinama asubuhi. Usiku diski hujaa maji, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokuwa jioni, na diski iliyojaa hupata mkazo mkubwa zaidi unapoinama. Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka mimi huweka mguu juu ya kigoda kufunga kamba za viatu, na mizigo huiacha hadi baadaye. Wakati wa kuinua kitu, kisogelee mpaka kikuguse mwili, kunja magoti na nyonga, na ukitaka kugeuka geuza miguu badala ya kiuno.

Kwa wanaoketi kazini kama mimi, kiti kiinuliwe hadi nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, na mtu asimame walau kila nusu saa. Kazi ya kukata vitambaa nimeihamishia kwenye meza inayonifika kiunoni, nami huifanya nikiwa nimesimama, mguu mmoja juu ya kibao kifupi, nikibadilisha mguu kila ninapomaliza kipande.