Redio imeng'ang'ania kwenye paneli ya ndege

SWALI: Shikamooni mafundi. Ninajifunza ufundi wa ndege chini ya fundi mwenye leseni hapa Mtwara. Tuna Cessna 172 ya zamani, na mwenye ndege anataka ADF (kifaa kinachoonyesha mwelekeo wa kituo cha redio cha ardhini) na redio ya pili ya mawasiliano na uongozaji, KX 155, zitolewe ipatikane nafasi ya GPS. ADF imetoka bila shida. Redio imegoma: nimezungusha skrubu yake ya usoni kwa ufunguo wa aleni (wa pembe sita) mpaka tundu la skrubu limeanza kulegea, haisogei. Je, niichokonoe kwa bisibisi pembeni?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

JIBU: Marahaba. Bisibisi weka chini kwanza. Uso wa redio na vinundu vyake havikutengenezwa vivutwe. Ukiuchokonoa unapasuka, na mwili wa redio unabaki palepale.

Tundu kulegea kunatuambia huenda ufunguo si wake. Skrubu ile ni ya inchi 3/32, yaani milimita 2.38. Seti nyingi za madukani ni za milimita: ya 2.5 haiingii, ya 2 inaingia lakini inacheza na kulainisha kona za tundu. Tafuta seti ya inchi, yenye shina refu na ncha ambayo haijalika. Isukume mpaka mwisho wa tundu kabla hujazungusha.

Zungusha kinyume cha saa. Hiyo skrubu si kufuli tu. Ina jino linaloshika kwenye trei, yaani fremu inamochomekwa redio, na kadiri unavyofungua, jino hilo linaisukuma redio nje kidogo kidogo. Hivyo sikiliza mkono wako. Skrubu ikizunguka ovyo bila kugusa kitu, jino halishiki au limevunjika. Ikikaza na redio haitoki, kuna kitu kingine kinachoishika, na kuongeza nguvu kutavunja hilo jino.

Kitu gani basi? Zima masta swichi, chomoa waya hasi wa betri, kisha lala chini ya paneli na tochi na kioo kidogo. Anza na kifuniko cha plastiki cha paneli. Kwa miaka ya jua kinasinyaa na kuubana uso wa redio, kitoe chote. Halafu angalia skrubu zinazofunga trei ubavuni. Zinatakiwa kuwa za kichwa bapa kilichozama. Mtu akiweka ya kichwa cha mviringo, au ndefu kupita kiasi, inachimba ubavu wa redio. Hili ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na dalili yake ni redio kusogea milimita mbili tatu kisha kugota palepale kila mara. Legeza skrubu za ubavuni nusu mzunguko, jaribu tena.

Kwa ndege inayolala nje pwani kama kwenu, mshukiwa mwingine ni chumvi. Unga mweupe kati ya trei na skrubu za chuma ni alminiamu inayoliwa. Ukijani nyuma, kwenye plagi na kwenye kebo ya antena, ni shaba. Weka mafuta ya kulegeza kutu kwa brashi ndogo kwenye skrubu pekee, usiku mmoja. Usiyapulizie kwenye plagi, yanabeba vumbi na kuharibu plastiki. Pale tumia dawa ya kusafishia kontakti.

Ikishindikana, acha kupigana na skrubu. Fungua trei ubavuni pamoja na brakiti yake ya nyuma, utoe trei na redio kwa pamoja. Kabla ya kuvuta, hakikisha nyaya zina ulegevu wa kutosha, na uandike namba kwenye kila moja. Vikishafika mezani, sukuma redio kwa kijiti cha mbao kutoka nyuma, ukigusa kona ya chuma, si plagi.

Kumbuka pia kile kiashiria cha VOR (mfumo wa uongozaji kwa vituo vya redio vya ardhini) kilichoungwa na redio hiyo: kitakuwa mapambo tu. Kitoe, au kibandikwe alama kwamba hakifanyi kazi.

SWALI: ADF tumeshaitoa. Nyaya na antena yake chini ya tumbo la ndege tuziache?
*Msomaji, Lindi*

JIBU: Antena inaweza kubaki, mradi ncha ya kebo ifunikwe na ifungwe isining'inie. Ukiitoa, tundu lazima lizibwe kwa kiraka kilichoidhinishwa. Waya wa umeme hauachwi na utepe mwishoni: uchomoe kwenye sakiti breka yenyewe.

Pima kwa mizani kila ulichotoa. Kilo 4 zikitoka umbali wa mita 0.35 kutoka mstari wa kupimia (kwenye Cessna 172 ni uso wa mbele wa ukuta wa kuzuia moto), unapunguza momenti (uzito mara umbali) ya kilo-mita 1.4. Ni ndogo, ila karatasi ya uzito na uwiano lazima ibadilishwe, na fundi mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) asaini kitabu cha ndege. Dira nayo ikaguliwe upya injini ikiwaka na redio zilizobaki zikiwa zimewashwa. Skrubu za vifaa vilivyo karibu na dira ziwe za shaba nyeupe au shaba ya njano, zisizovutwa na sumaku. Ukirudisha za chuma, dira itapotoka na utatafuta sababu wiki nzima.