Jibu: Nimekataliwa chuo na alama ninazo, nikate rufaa?
Habari ndugu. Kama nimekuelewa, umenyimwa nafasi wakati alama zinatosha, na hujui rufaa uianzie wapi.

Kabla ya kuandika chochote, isome tena barua ya kukataliwa mpaka mstari wa mwisho, kisha fungua akaunti yako ya maombi ukague kila kiambatisho. Mimi niligundua hapo kwamba ukurasa wa pili wa cheti changu haukupanda, kwa hiyo kwao somo moja halikuwepo kabisa. Kosa la aina hiyo ndilo linaloipa rufaa nguvu. "Naomba mnifikirie" kila mwombaji anaandika.

Angalia pia kama chuo chenyewe kinapokea rufaa, maana vingine havipokei, na mwisho wa kuwasilisha ni lini. Muda huwa mfupi. Barua isizidi ukurasa mmoja: namba ya maombi, kilichokosewa, ushahidi. Usilaumu mtu. Yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za hasira, nashukuru dada aliichana.

Na kama chuo kingine kimekupa nafasi, ithibitishe leo. Rufaa iendelee huku hiyo unayo mkononi.